Asiye na wa Kumsemea

Jumatatu asubuhi, chai haijapoa, Mkuu wa Idara ya Jiografia alijiandikia barua ya onyo.

Hakutaka. Aliyemfikisha hapo ni katibu wake, mama wa makamo ambaye idara nzima ilimwita Bi Muhuri, kwa kuwa kitu kisichopigwa muhuri yeye hakukitambua kwamba kipo duniani. Aliingia na jalada la kijani, akausukuma mlango kwa kisigino, akaziweka barua nne mezani mojamoja kama anayegawa karata.

“Wanne hawajaleta alama za mtihani wa mwaka wa tatu,” alisema. “Profesa Bado. Mshereheshaji. Mwalimu wa Takwimu.”

“Hao watatu, Bi Muhuri.”

“Na wewe.”

Mkuu akacheka. Bi Muhuri hakucheka.

“Somo la Udongo, vitabu vya majibu sabini na vinne. Mwalimu wa Udongo ni wewe. Mwisho wa kuleta alama ulikuwa Ijumaa. Kanuni inasema asiyeleta Ijumaa, Jumatatu anaandikiwa onyo na Mkuu wa Idara.”

“Lakini Mkuu wa Idara si ndiye mimi?”

“Ndiyo maana nimekuletea wewe utie sahihi.”

“Sasa nijionye mwenyewe?”

“Orodha haina macho, Mkuu. Wale watatu wakija kuniuliza mbona mwalimu wa Udongo hakuandikiwa, nitawajibu nini? Kwamba ana undugu na mkubwa?”

Mkuu akavuta kalamu. Akatia sahihi barua zote nne. Bi Muhuri akazigonga muhuri, pa, pa, pa, pa, akaitia ya nne kwenye bahasha, akailamba, akaibana, kisha akaikabidhi kwa mikono miwili kwa mtu yuleyule, kwenye meza ileile.

“Na hapa kwenye daftari,” alisema, “weka sahihi kwamba umeipokea.”

Jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Alhamisi saa nne asubuhi kilikuwa kikao cha matokeo cha kitivo kizima, na mwenye kikao ni Amidi, bosi wa wakuu wa idara wote, mtu aliyeanza vikao kwa kutazama saa badala ya kusalimia. Alama za somo hata moja zikikosekana mezani kwake, wanafunzi wote sabini na wanne wa mwaka wa tatu hawahitimu. Wangerudi kwao kungoja mwaka mzima, kijana mzima na akili zake, akiulizwa na kila jirani kama alifeli. Na katika vile vitabu sabini na vinne vya Udongo, Mkuu alikuwa amesahihisha tisa.

Alikivuta cha kumi. Akasoma mistari miwili. Mlango ukagongwa.

“Samahani Mkuu, ufunguo.”

Ulikuwa ufunguo wa choo cha walimu. Miaka mitatu iliyopita walimu waligombana juu ya nani akae nao, na Mkuu, ili kuleta amani, alisema basi utakaa kwenye droo yangu. Amani ilikuja. Tangu siku hiyo hakuna mwalimu aliyekwenda haja bila Mkuu wa Idara kujua.

Akautoa ufunguo. Akasoma mstari wa tatu. Mlango ukagongwa tena, na safari hii aliingia Profesa Bado, mzee mrefu wa mvi, ambaye umri wa kustaafu ulishampita na kila akiulizwa hujaondoka tu, hujibu, “Bado.” Mkononi alishika karatasi zilizojaa tarakimu za penseli.

“Mwanangu,” alisema, “nimepata kibarua chako. Umeniandika kwa ukali kidogo, lakini Kiswahili chake kizuri. Basi hizi alama zangu hizi hapa, zimekamilika. Utaniingizia kwenye kompyuta kama siku zote.”

Kama siku zote. Mkuu aliitazama penseli ile iliyofifia, akautazama uso wa mzee uliojaa imani.

“Weka hapo, Profesa. Hamna shida.”

“Mungu akuzidishie,” alisema Profesa Bado, akatoka kwa mwendo wa mtu aliyetua mzigo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika idara ile makanda yote ya usufi yalirundikwa juu ya meza moja.

*

Nyumbani kwa Mkuu palikuwa vyumba vitatu nyuma ya kibanda cha kinyozi. Kinyozi ndiye mumewe. Alikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na wateja ambao nusu yao walikuwa walimu wa chuo, kwa hiyo habari za idara mara nyingi zilimfikia yeye kabla hazijamfikia mkewe. Waliishi na binti yao wa miaka minane na mama yake kinyozi, mkunga mstaafu, aliyezalisha watu kiasi kwamba akipita sokoni vijana wenye ndevu walimwamkia kwa aibu.

Jioni ile walikuwa mezani, jua halijazama vizuri, binti akaomba kalamu ya kuchorea. Akaambiwa atazame kwenye mkoba wa mama. Akatazama. Akatoa kalamu, na bahasha ikafuata, ikaanguka miguuni mwa bibi yake.

Bibi akaiokota. Akavaa miwani. Kwa miaka mingi kazini alizoea kusoma karatasi yoyote iliyoanguka, maana huenda ikawa ya mgonjwa.

“‘YAH: ONYO LA KWANZA,’” alisoma. Akashusha miwani. “Mwanangu, umeonywa kazini?”

“Ndiyo, Mama.”

“Nani amekuonya?”

Mkuu akakoroga mchuzi ambao haukuwa na haja ya kukorogwa.

“Nimekuuliza nani amekuonya. Hapa kuna sahihi kama mguu wa jongoo, sioni jina.”

“Ni mimi, Mama.”

“Wewe ndiye umeonywa, hilo nimelisoma. Aliyekuonya?”

“Ndiye mimi.”

Kinyozi alikuwa na tonge mdomoni. Lilikwenda njia isiyo yake, akakohoa hadi machozi yakamtoka, binti akampigapiga mgongo, na alipopata pumzi alisema, “Nimesikia kinyozi hajinyoi, lakini wewe mke wangu umejinyoa na masikio umeyakata!”

“Wewe nyamaza,” alisema mama yake. Yeye peke yake hakucheka. “Hii kazi isipokwisha inakuwaje?”

Mkuu akaeleza. Alhamisi, saa nne, sabini na nne. Bibi alisikiliza huku ameikunja ile barua mara mbili, kwa kucha, taratibu.

“Umesahihisha vingapi?”

“Tisa. Leo nilianza cha kumi.”

“Na mitihani ilikwisha lini?”

“Wiki tatu.”

“Wiki tatu, tisa. Mvivu wewe si mvivu, nakuona. Sasa kwa nini?”

Mkuu alifungua mdomo ajibu, na simu ikaita. Ilikuwa ya Mshereheshaji, mwalimu wa somo la Miji, kijana mtanashati ambaye mwisho wa juma hufanya kazi ya kuongoza harusi za watu na sauti yake ilikuwa na sherehe hata akiomba radhi.

“Mkuu wangu wa nguvu! Barua nimeiona, nimenyooka. Ila kesho asubuhi nina kikao na maharusi, bwana harusi mwenyewe ni mtu mzito. Lile zoezi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza, saa mbili hadi saa nne, unaweza kunishikia? Mara hii tu.”

“Haya, sawa. Hamna shida.”

“Ndiyo maana tunakupenda!”

Akakata simu. Mama mkwe alimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama mama mjamzito anayesema hana maumivu.

“Hiyo ‘mara hii tu’ ni ya ngapi?”

“Sijahesabu, Mama.”

“Maana mimi kwa masikio yangu nimeisikia mezani hapa mara tano.”

Mkuu alichukua kitabu cha kumi asahihishe palepale, kalamu nyekundu mkononi. Haikupita dakika kumi, saa moja jioni, sauti za watoto bado ziko nje, kichwa chake kikashuka polepole hadi pembeni ya sahani, akalala. Kinyozi akaivuta sahani. Mama yake akaichomoa kalamu.

“Hucheki sasa,” alisema.

“Sicheki, Mama.”

*

Jumanne saa tatu asubuhi mama mkwe alifika idarani. Alivaa gauni lake la buluu la kwenda nalo kwenye mambo mazito, viatu vilivyopakwa kiwi, mkoba kifuani. Bi Muhuri hakuwa amewahi kumwona.

“Nina shida na Mkuu wa Idara.”

“Hayupo, anamshikia mtu zoezi. Akirudi kuna foleni. Jina hapa, unakotoka hapa, sababu ya kuja hapa.”

Mama mkwe akachukua kalamu. Kwenye sababu ya kuja akaandika: *Malalamiko.* Bi Muhuri akalisoma neno lile kichwa chini, akanyoosha mgongo. Katika miaka yake yote hajawahi kupata malalamiko yaliyoletwa kwa utaratibu.

“Keti, Mama. Maji utakunywa?”

Akaketi kwenye benchi la ukumbini, akangoja. Mkuu alirudi saa nne na ushee, mikono imejaa karatasi za Mshereheshaji, akapita mbio bila hata kutazama benchi. Mama mkwe hakumwita. Alikaa akaangalia, tena aliangalia vizuri. Kwa dakika arobaini waliingia watu kumi na wanane. Sita walifuata ufunguo. Watatu waliomba karatasi za mashine ya kunakili, ambazo Mkuu aliwahesabia mwenyewe. Mmoja alitaka kujua kama kesho itanyesha. Mwalimu wa Takwimu, mama mnene mwenye vumbi la saruji viatuni, aliingia na daftari lake la alama, akasema, “Dada, nipigie hesabu za wastani, mimi fundi wangu ananisubiri, leo tunamwaga jamvi la zege.” Akatoka mikono mitupu. Mtu anayefundisha hesabu za wastani!

“Zamu yako, Mama,” alisema Bi Muhuri, akamfungulia mlango yeye mwenyewe.

Mkuu aliinua uso. Rangi ikamshuka.

“Mama! Kuna nini nyumbani? Mtoto?”

“Nyumbani salama.” Akavuta kiti cha wageni, akaketi, mkoba magotini. “Sikuja kwa mkwe wangu. Nimekuja kuonana na Mkuu wa Idara. Ndiye wewe?”

“Mama, jamani...”

“Nauliza, ndiye wewe? Kama siye, nitangoja nje.”

Mkuu akatazama mlango. Bi Muhuri alikuwa ameuacha wazi kidogo, kidogo cha sikio.

“Ndiye mimi.”

“Ahsante. Shikamoo sikuamkii, wewe mdogo kwangu, lakini cheo chako nakiheshimu. Nina mkwe wangu anafanya kazi hapa chini yako. Anafundisha Udongo. Hajui kwamba nimekuja, na ningeomba usimwambie.”

“Si... sitamwambia.”

“Mkwe wangu ananyanyaswa hapa.”

“Na nani, Mama?”

“Na mkuu wake. Na wewe.”

Nje, benchi lilitoa mlio. Mtu alikuwa amesogea karibu.

“Kuna profesa hajui kubonyeza kompyuta, mkwe wangu ndiye anabonyeza. Kuna mwingine ana harusi, mkwe wangu anashika zamu. Mwingine anajenga nyumba, mkwe wangu anapiga hesabu. Mwenye haja ndogo, mkwe wangu. Halafu kazi yake mwenyewe ikilala, unamwandikia barua! Na muhuri unagonga! Jana kalala na kalamu mkononi, kichwa kwenye sahani, mjukuu wangu anamtazama.”

“Pengine yeye mwenyewe anapenda kusaidia,” alisema Mkuu kwa sauti ndogo.

“Anapenda! Hebu tusemezane. Mimi nilikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi miaka kumi na tisa, nina wauguzi kumi na wawili. Unajua nani aliyekuwa ananitia hofu? Si mvivu. Mvivu najua nitamkuta wapi, kivulini. Niliyemwogopa ni yule asiyejua kusema hapana. Huyo anakwenda, anakwenda, siku moja anaanguka na sindano mkononi, na mgonjwa yuko hapo. Sasa niambie, Mkuu. Yule bwana wa harusi, ungeweza kumtuma akamshikie mwenzake zamu mara tano?”

“Nisingethubutu.”

“Kwa nini?”

“Angeniletea maneno.”

“Na yule profesa, ungempa daftari la mwingine apige hesabu?”

“Angekwenda kwa Amidi kunishtaki.”

“Kumbe. Hapa kila mmoja ana mdomo wa kumtetea, isipokuwa mkwe wangu. Yeye ukimpa anapokea. Kwa hiyo wewe, mkuu mzima, umeona mtu wa kumwonea ni huyo.”

Mkuu akatazama rundo la mezani. Alikuwa ameongoza idara ile miaka mitatu, na alijua mambo ya kila mtu: nani ana kisukari asipangiwe vipindi mfululizo, nani ana mtoto mchanga asipangiwe saa moja asubuhi, nani hapatani na nani wasikae ofisi moja. Mwalimu mmoja tu hakuwa amemwuliza hali. Macho yakamlowa, na papo hapo akataka kucheka, vyote viwili kwa pamoja, hata akalazimika kupenga kamasi kwenye karatasi ya mashine, ya thamani ile.

Mlango ukagongwa. “Samahani Mkuu, ufung...”

“Subiri nje!” alisema mama mkwe bila kugeuka. “Tuna kikao.” Kisha akamgeukia Mkuu. “Sasa utamfanyia nini mkwe wangu?”

“Nitamwondolea kazi ambazo si zake.”

“Lini?”

“Wiki ij... Leo.”

“Nani atazifanya?”

“Wenyewe.”

“Wakinuna?”

“Wanune.”

“Hilo la mwisho halikutoka vizuri. Rudia.”

“Wanune!”

“Haya,” alisema mama mkwe, akasimama, akakunja gauni vizuri. “Nimeridhika. Na mimi nitakaa hapo nje kwenye benchi hadi nione.”

*

Bi Muhuri hakuhitaji kuambiwa. Mkuu alipotoka kumwagiza awaite wale watatu, alikuta ameshawapigia simu, na kwenye daftari la wageni, mbele ya neno *Malalamiko*, ameandika *Yanashughulikiwa* na kugonga muhuri.

Walifika saa saba, kila mmoja akidhani anaitwa kushukuriwa. Mwalimu wa Takwimu alikuja na saruji mpya kwenye nywele. Mkuu hakuwakaribisha viti. Alikuwa ameazima ujasiri na alijua ni wa muda mfupi.

“Profesa, penseli zako hizi hapa. Utaziingiza wewe.”

“Mimi?” Profesa Bado alitazama nyuma kama kuna profesa mwingine. “Mwanangu, mimi na kompyuta hatujafahamiana.”

“Mtafahamiana leo. Bi Muhuri atawatambulisha. Dada, daftari lako hili, wastani unaufundisha, wastani utaupiga. Na wewe bwana, kazi za mwaka wa kwanza hizi, na vitabu vyako vya Miji najua hujavigusa. Nataka alama zote kesho kutwa saa tatu na nusu.”

“Mkuu wangu wa nguvu,” alianza Mshereheshaji, “Alhamisi asubuhi nina...”

“Harusi ni Jumamosi. Matokeo ni Alhamisi. Ukichelewa, mbele ya Amidi nitasema alama zilizokosekana ni za nani.”

Ukumbini, mama mkwe alikuwa amekaa mgongo wima, anatazama ukuta wa mbele.

“Una hasira na sisi,” alisema Mwalimu wa Takwimu.

“Sina.”

“Unayo. Tumekukosea nini?”

“Hamkunikosea. Mliomba, nikakubali.”

“Basi mbona hukusema?” Profesa Bado aliuliza, na uso wake ulikuwa umeumia kweli. “Miaka mitatu naleta hizi penseli, kila mara unasema hamna shida. Mimi nilidhani unafurahia. Hata mke wangu nilimwambia: yule binti anapenda kompyuta ajabu! Mwaka jana niliziandika vibaya kusudi ukurasa mzima, ili upate ya kurekebisha.”

Mkuu alimtazama mzee yule, asijue amkumbatie au amrushie kiti. Alikumbuka ukurasa ule. Aliumaliza Jumapili, wenzake wakiwa ibadani.

“Sifurahii, Profesa,” alisema. “Sikupata kufurahia hata siku moja.”

“Ungesema, mwanangu.”

“Ndiyo nasema.”

Mshereheshaji alikuwa wa kwanza kunyanyua mafungu yake. Akayapima uzito kwa mikono miwili, akapuliza. “Kumbe mazito hivi,” alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na sherehe.

Walitoka kwa shingo upande. Mkuu akaufuata ule ufunguo kwenye droo, akauchukua pamoja na msumari, akavua kiatu, akaupigilia msumari kwa kisigino kwenye ukuta wa ukumbini, akautundika ufunguo hapo mbele ya kila mtu. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akafungua tena kitabu cha kumi.

Mchana ule na kesho yake yote, waliokuja kugonga walikutana na gauni la buluu.

“Mkuu yupo?”

“Yupo. Ana kazi.”

“Nina swali dogo tu.”

“Dogo? Basi litajibika lenyewe.”

Na ajabu yake, mengi yalijibika. Karatasi za mashine walihesabiana. Habari za mvua walitazama dirishani. Kutoka chumba cha Bi Muhuri zilisikika kelele za Profesa Bado: “Imepotea! Yote imepotea!” na sauti ya Bi Muhuri, “Haijapotea, Profesa, umelala juu ya kitufe.” Jumatano saa kumi mzee alitoka na karatasi iliyochapwa, yenye joto bado, akaipitisha ofisi kwa ofisi akiwaonyesha watu, kama aliyejaliwa mjukuu. Nusu saa baadaye Mwalimu wa Takwimu naye akaleta za kwake, zimepigwa hesabu hadi nukta ya tatu. Saa kumi na mbili kasoro Mkuu aliweka kalamu chini. Vitabu vyote vya Udongo, sabini na vinne. Vidole vilikuwa vyekundu kama aliyechinja kuku.

Zilibaki za Mshereheshaji.

*

Alhamisi saa tatu na nusu hakuwepo. Saa tatu na dakika arobaini hakuwepo. Simu yake iliita bila kupokewa. Mkuu alisimama kwenye ngazi za jengo la kitivo na masomo saba kwapani badala ya manane, roho juu, na moyoni lile neno la zamani lilikuwa limeanza kumnong’oneza: ungemfanyia tu mwenyewe, ungemfanyia tu, sasa watoto wa watu...

“Usiwe na wazo hilo,” alisema mama mkwe aliyesimama pembeni yake.

“Wazo gani, Mama?”

“Hilo.”

Saa tatu na dakika hamsini na mbili akaonekana, anakuja mbio katikati ya bustani, suti ya kung’aa rangi ya dhahabu, tai imehamia begani, karatasi juu kichwani kama anajikinga mvua.

“Zote!” alipiga kelele kutoka mbali, na ile sauti ya harusi ilijaza uwanja mzima. “Mabibi na mabwana, zote!”

“Na hiyo suti?” aliuliza Mkuu akizipokea.

“Ndiyo iliyokuwa safi. Nguo nyingine sikupata muda wa kufua, nimesahihisha tangu juzi.” Akashika kiuno, anahema. “Mkuu, ile kazi inauma mgongo. Hivi wewe ulikuwa unaifanyaje mara zote zile?”

“Ulikuwa unauma mgongo wangu,” alisema Mkuu, akapanda ngazi.

Ndani, wakuu wa idara saba walikaa kuzunguka meza ndefu. Amidi akatazama saa, akaita idara mojamoja. Alipofika Jiografia, Mkuu alisimama na kusema masomo manane, yote yapo, wanafunzi sabini na wanne. Amidi akapekua, akapekua tena, kisha akasema neno alilokuwa akilitoa kwa uchoyo sana: “Vizuri.” Akatia sahihi. Kwa kalamu ile moja, vijana sabini na wanne wakawa wamemaliza chuo, wengine bado wamelala, hawana habari.

“Jambo la mwisho,” alisema Amidi. “Ile kamati ya kuhakiki samani za kitivo. Viti, meza, mashelfu, chumba kwa chumba. Wiki sita hivi. Nahitaji mwalimu mmoja wa kujitolea.”

Wenzake wote wakainama ghafla kutafuta kitu kwenye mifuko yao. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakainua macho kumtazama Mkuu wa Jiografia, kwa upendo, kama kawaida. Na Amidi naye akatabasamu upande ule, kalamu imeshasogea kwenye karatasi aandike jina.

Mkuu alihisi ile “hamna shida” inapanda kooni, ya moto, tayari imeshachongwa. Akaimeza.

“Katika idara yangu, Amidi, yupo mwalimu mmoja tu ambaye angekubali,” alisema. “Na huyo nimemkatalia.”

Amidi akaangalia saa, akaangalia dari, akamwandika mkuu wa idara aliyekuwa ameinama tena.

*

Saa tisa alasiri, jua bado kali, kinyozi alikuwa na mteja kitini, povu hadi masikioni, alipomwona mkewe kwenye kioo anakuja kutoka barabarani. Wembe ukasimama hewani. Miaka mitatu hakuwa amemwona mkewe nje kwenye mwanga wa mchana siku ya kazi.

“Nani amekufa?” aliuliza.

“Hakuna.”

“Mama yuko wapi?”

“Yuko nyuma, amesimama anamsimulia mwuza matunda. Nimemaliza kazi.”

“Umemaliza kazi gani?”

“Yangu.”

Kinyozi akageuka na wembe wake. Alitaka kuuliza mengine, lakini mkewe alikuwa ameshaketi kwenye kile kiti cha pili cha kuzunguka, ameweka mkoba chini, ameegemeza kichwa pale wanapoegemeza wanaonyolewa ndevu. Mteja aliyekuwa kwenye benchi akingoja kiti hicho akanyanyuka nusu, akafungua mdomo.

Kinyozi akamwekea kidole midomoni. Akatikisa shuka jeupe la kunyolea, akamfunika nalo mkewe hadi kidevuni, akakizungusha kiti pole pole mpaka jua likaacha kumpiga usoni. Kisha akamvutia yule mteja kigoda, akamwinamia sikioni.

“Wewe nitakunyoa hapa,” alinong’ona. “Na mashine siwashi. Kwa mkasi tu.”